Risasi Laini za Ardith Hruska

Ardith Hruska aliusikia mlio kabla ya mtu mwingine yeyote. Bunduki nyingine zilikuwa zikipasua upepo wa Nebraska kwa sauti kali, lakini hii ilitoa "pof" tu, kama chupa ya soda iliyofunguliwa chini ya blanketi. Ilikuwa bunduki ya mumewe, Lumir.

Kisahani cha udongo alichokilenga hewani kikaruka kizima, kikaangukia kwenye shamba la soya.

"Kimepita!" akatangaza mhesabu pointi.

Lumir alitikisa kichwa kama mtu aliyekosa shabaha. Akaifungua bunduki, akatoa ganda, akatia risasi nyingine. Masikio yake, ambayo hata siku za kawaida hayasikii vizuri, alikuwa ameyaziba kama wenzake wote pale mstarini.

Ardith akainuka kwenye benchi. Alijua maana ya mlio ule. Risasi ile haikuwa na baruti ndani. Ilikuwa na fataki peke yake, kile kiwashio kidogo cha kwenye kitako, na fataki haina nguvu ya kutosha. Hukisukuma kizibo cha plastiki, kinachobeba marisau, zile punje za risasi, kikaenda kukwama katikati ya mtutu. Risasi inayofuata ikilipuka nyuma ya kizibo hicho, mtutu unapasuka, na mkono wa kushoto wa mpigaji uko palepale chini yake.

Wapigaji walikuwa watano, Lumir akiwa wa tatu, kila mmoja akipiga risasi moja kwa zamu. Zikipigwa nne nyingine, zamu ingemrudia Lumir.

"Lumir! Usipige!"

Upepo ukaichukua sauti yake. Mpigaji wa nne akafyatua.

"Kaa chini, shemeji," alisema Delmar, mdogo wake Lumir, huku akicheka. "Kakosa kimoja tu. Utamtia aibu mbele za watu."

"Hajakosa! Ile haikuwa na baruti!"

"Unajuaje?"

Alijua kwa sababu alizipakia mwenyewe. Majira ya baridi Lumir alianguka kutoka kwenye lori la mahindi, akapasuliwa bega, na daktari akamkataza bunduki inayorudi nyuma kwa nguvu. Madukani kwetu kulikuwa na risasi kali tu. Lumir akakaa dirishani mpaka theluji ikayeyuka, hataki kusema na mtu. Ndipo Ardith, dereva wa basi la shule ambaye hajawahi kushika bunduki, akanunua mashine kuukuu ya kupakia risasi, akaifunga kwenye meza ya chumba cha chini, akajifunza kutengeneza risasi laini, zisizosukuma bega kwa nguvu.

Walimcheka. "Leo umeoka mkate au baruti, bibie?" Wakamwambia haina faida, bora anunue dukani apumzike. Kama faida ni akiba, walikuwa sahihi, maana marisau na baruti zimepanda bei na kinachobaki ni makombo. Lakini mtu aliyekuwa amekufa kitini alirudi mstarini na kuanza kutaniana na wenzake. Asiyeona faida hapo, mimi sina la kumwambia.

Mpigaji wa tano akafyatua.

Sasa akakumbuka. Jumapili Delmar aliteremka kule chini kupiga soga. Kwetu mgeni hakai bila kahawa mkononi, hata akiwa ndugu, hata akikukuta kazini. Ardith aliiacha mashine ganda likiwa chini ya bomba la baruti, akapanda jikoni, akarudi na kahawa na keki ya plamu. Delmar akamchekesha. Naye, huku akicheka, akalisogeza ganda kwenye tundu linalofuata bila kulitia baruti.

Mpigaji wa kwanza akafyatua.

Kupita mbele ya mstari ni kutafuta kifo. Kumshika bega mtu mwenye bunduki iliyojaa ni kumfanya ageuke na mtutu wake. Ardith akatazama huku na huku, akauona waya wa umeme uliotoka ofisini kwenda kwenye mashine ya kurusha visahani. Akakimbia.

Mpigaji wa pili akafyatua.

Lumir akainua bunduki, akaegemeza shavu. "Vuta!"

Hakikuruka kitu.

"Vuta, bwana!" Kidole kilikuwa ndani, kwenye kifyatulio.

Akashusha mtutu, akageuka kwa hasira. "Nani anachezea umeme?"

"Mimi." Ardith alikuwa amesimama na plagi mkononi, akihema. Akamwonyesha kwa ishara, kisha akapaza sauti: "Fungua bunduki, Lumir! Fungua kwanza, utanitukana baadaye!"

Akafungua, akatoa risasi. Verlyn, msimamizi wa klabu, akauelekeza mtutu juu, akachungulia. Hakuona mbingu. Akapitisha fimbo, na kizibo kikadondoka kwenye nyasi pamoja na marisau.

Hakuna aliyecheka.

"Ndiyo maana mimi nanunua dukani," Verlyn akasema taratibu.

"Ni moja tu iliyoharibika," Lumir akajibu. Alikuwa anaongoza kwa pointi, kwa mara ya kwanza tangu aumie. "Zilizobaki ni nzima. Namjua mke wangu."

"Hujui. Hata mimi sijui," Ardith akasema. "Kosa ni langu, na sitakubali ulipime kwa mkono wako."

Akalichukua begi la risasi, akazimimina zote kwenye ndoo ya maji. Nimewaona wakubwa wenye vyeti ukutani wakificha makosa madogo kuliko hilo. Yeye alilisema uwanjani, mbele ya waliomcheka.

Verlyn akampa Lumir risasi za dukani. Ya kwanza, kisahani kikawa vumbi. Ya pili pia. Ya tatu hakuipiga. Alisimama amekunja uso, bega likimuuma, mweupe kama unga, akashusha bunduki na kutoka mstarini.

Kwenye gari Delmar akawafuata. "Shemeji, mimi ndiye niliyekupotosha na maneno yangu."

"Wewe uliongea tu. Mkono ulikuwa wangu."

"Utapakia tena?" Lumir akauliza, ameshika bega.

Ardith akanyoosha vidole, akavitazama. "Vikitulia."

"Na mimi nisije tena?" Delmar akauliza.

"Njoo. Kahawa utanyweshwa juu, jikoni. Chini, nikiwa na baruti, hashuki mtu, hata awe askofu."

"Je, Jumamosi ijayo?" Lumir akauliza.

"Jumamosi ijayo utakaa nami kwenye benchi, utazame wenzako."

Lumir akazunguka upande wa abiria, akaingia polepole, akamwachia usukani.