Swali la Mfiwa wa Ekalakala

Jumamosi iliyopita nilikuwa Ekalakala, kwenye mazishi ya mwalimu wa shule ya msingi. Mama huyo aliumwa na kichwa kwa miaka miwili. Kila alipokwenda zahanati aliambiwa ni mawazo, akapewa tembe za maumivu. Uvimbe wa ubongo ulijulikana alipokuwa haoni tena.

Mheshimiwa wetu, mbunge, alifika akiwa amechelewa, akapewa kipaza sauti.

"Hata mimi ningekuwa nimeenda," alisema, akijigusa kisogo kwa kidole. "Nilikuwa nasikia kizunguzungu tu. Kule ng'ambo wakaniingiza kwa mashine ya MRI, wakapiga picha ya ubongo, wakaona kitu kidogo kama punje ya ndengu. Wakakitoa mapema. Mungu ni mwema!"

Wachache waliitikia. Mume wa marehemu akainuka, akashika ukingo wa jeneza.

"Mheshimiwa, niko na swali. Hiyo mashine, sisi huku tutaletewa lini?"

"Mzee, leo si siku ya siasa. Tumzike mama kwanza."

"Nilikuwa nataka picha moja tu ya kichwa yake," mzee akasema. "Moja tu."

Mchungaji akaanzisha wimbo haraka, na vijana wa mheshimiwa wakamketisha mfiwa kwa nguvu kama mlevi.

Tulipokuwa tukitawanyika, nilisikia watu wakinong'ona kwamba mzee amekosa adabu. Damu ilinichemka. Mtu ametibiwa kwa kodi yetu, amekuja kwenye kaburi letu kutusimulia alivyopona, na bado mkosa adabu ni mfiwa!