Kisanduku Kilichotoka Bila Bon

Angèle Mwape alikuwa na mkono mwepesi, na nusu ya mji wetu wa Likasi, huku Kongo, ililijua hilo. Baba yake, fundi wa tanuri kule kiwandani Shituru, aliwalea watoto wake kwa mshipi, na kati yao wote ni yeye tu aliyewahi kuushika ule mshipi na kumrudishia. Mumewe alimpiga mwaka wa kwanza wa ndoa. Angèle akamvunja pua kwa kifuniko cha sufuria, na tangu hapo nyumba ikatulia. Wasiomjua walimwita mkorofi. Mimi ninayefundisha Kifaransa chumba cha pili nasema alikuwa mtu wa haki asiye na subira. Ugonjwa huo ninao pia, ila mimi hupigana kwa mdomo.

Taasisi yetu ya serikali inawaandaa walimu wa sekondari. Angèle alifundisha fizikia, somo la umeme, bila hata waya mmoja, maana maabara iliporwa zamani. Alichoka kuchora sumaku ubaoni. Akaandika mradi, akaupigania, na wafadhili wa ng'ambo wakamkubalia: kisanduku cheusi chenye ukubwa wa mkate, betri ndani, kinachorusha masomo hadi kwenye simu za wanafunzi bila intaneti. Majaribio aliyarekodi mwenyewe, kwa vifaa vya kuazima. Siku ya kwanza wanafunzi walipoiona sumaku ikiizungusha sindano kwenye simu zao, darasa lilipiga makofi, na Angèle akalia mbele yao wote. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia.

Wafadhili walikuwa na sharti moja kubwa: kisanduku kisivuke geti la taasisi. Angèle alitia sahihi. Halafu paneli za jua zilizoahidiwa hazikufika, transfoma ya mtaa ikaungua, na betri ikafa. Tuna mabwawa ya umeme, Koni na Mwadingusha, mto Lufira unazungusha mitambo mchana na usiku, na sisi tunafundisha umeme gizani. Nikianza kulisema hilo nitatukana, afadhali niendelee. Parfait, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, alipanga chumba mtaa wa Kikula, upande ambao umeme ulikuwa haukatiki sana. Angèle akakubaliana naye: jioni aende na kisanduku, asubuhi akirudishe kikiwa na chaji.

Sasa asiye wa kwetu aelewe jambo moja. Huu ni mji uliozaliwa na viwanda. Hapa hata bisibisi haitoki getini bila bon de sortie, kikaratasi cha ruhusa chenye sahihi ya anayehusika. Baba zetu walipekuliwa kila jioni ya maisha yao ya kazi. Kifaa kisicho na bon ni kifaa cha wizi, na hakuna anayekaa kulijadili hilo. Angèle alilijua kuliko sote. Lakini nakala ya bon ingebaki kwenye faili, na wafadhili wakija kukagua wangeiona. Kwa hiyo hakuandika. Alimwambia Parfait mbele yangu:

"Usiambie muntu kama ni miye nakupatia. Hata muntu moja."

"Na kama banauliza pa mulango, Madame?"

"Gaston hatauliza."

Gaston, mlinzi wa geti, kweli hakuuliza. Alimheshimu Angèle, au alimwogopa. Ila Alhamisi moja malaria ilimlaza, na getini akawekwa mlinzi mgeni. Huyo akaona pembe ya kisanduku ikichungulia kwenye mfuko wa Parfait.

"Bon iko wapi?"

Parfait alikuwa ameahidi kunyamaza. Akakimbia. Mlinzi akapiga kelele ya mwivi, na kwetu neno hilo likishatoka mdomoni halihitaji ushahidi.

Walimdaka kwenye njia panda, chini kidogo ya soko. Wauza makaa, madereva wa pikipiki, wachimbaji waliokuwa wakinywa, watu ambao Jumapili tunakaa nao benchi moja kanisani. Mmoja alimpiga nondo ya mgongo. Alipoanguka, mwingine alimkanyaga uso kwa buti. Waliuponda kwa jiwe mkono ulioshika mfuko mpaka ukauachia. Waliuliza ni nani aliyemtuma, naye hakusema, na kadiri alivyonyamaza ndivyo walivyozidi kupiga.

Kelele zilitufikia darasani. Angèle aliposikia kuwa aliyekamatwa ana kisanduku, alitoka mbio, viatu akaviacha njiani, nami nyuma yake. Tulimkuta Parfait amekalishwa, tairi shingoni, na kijana mmoja anafungua dumu la petroli. Mimi nilisimama. Angèle hakusimama. Alimpiga mwenye dumu ngumi ya koo, petroli ikammwagikia kijana mwenyewe kifuani. Mwingine aliyemshika bega, Angèle alimng'ata mpaka akapiga yowe. Tofali likaruka kutoka nyuma, likampasua Angèle paji la uso, damu ikamwingia machoni.

"Miye njo nilimupatia," alisema. "Haiko mwivi."

"Bon iko wapi?" aliuliza mwenye nondo.

"Sikuandika."

"Basi banaiba pamoja. Mulete mupira ingine."

Na mtu akaenda kweli kuleta tairi la pili.

Kisanduku kilikuwa kando ya barabara, kizima, kimewekwa juu ya gunia kisichafuke. Binadamu walikuwa wamemponda, kisanduku wamekitunza. Angèle alikiona. Alikiinua kwa mikono miwili, akakibamiza kwenye lami, akaokota jiwe na kukiponda mpaka masomo yote ya mwaka yakawa vipande na nyaya.

"Iko yangu. Nimeiua," alisema. "Sasa munachoma muntu juu ya nini?"

Waliviangalia vile vipande. Hakuna mwizi anayeharibu alichokiiba, hilo hata hasira yao ililielewa. Mwenye nondo alisema, "Kumbe ni yake kweli," kwa sauti ya mtu aliyegonga mlango wa nyumba isiyo yenyewe, akaondoka zake. Nilimchukia siku ile na bado ninamchukia.

Parfait aliishi. Jicho la kushoto halikupona, na mkono wa kuume haushiki chaki. Angèle aliwaandikia wafadhili kila kitu bila kujitetea, nao wakaufunga mradi kwa maneno ya adabu.

Kisha akaja mama yake Parfait, Mama Madeleine, anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele. Alimkuta Angèle kwenye ngazi za taasisi, bandeji kichwani. Alimzaba kofi ambalo wanafunzi walilisikia ghorofani. Nikajisogeza kuwatenganisha, maana namjua mwenzangu.

"Banasema ulimuokoa," Mama Madeleine alisema. "Weye njo ulimutia mu mupira. Karatasi moja tu, Madame. Uliogopa bazungu bako, ukamuambia mutoto yangu anyamaze, na yeye akanyamaza."

Angèle hakuinua mkono. Mama Madeleine alikaa chini kwenye ngazi, akalia kwa sauti. Angèle akabaki amesimama mbele yake, mikono chini, uso ameuinua, akingoja kofi la pili.