Mgeni Aliyeandikwa Ubaoni

Nusu ya meno ya mbele ya Darasa la Pili B yalikuwa juu ya mapaa ya Dunda, Bagamoyo, yalikorushwa na wenyewe ili yaote mengine. Ndiyo maana watoto tisini na mmoja waliposoma "sa, se, si, so, su" kwa pamoja, sauti ilitoka kama upepo unaopita kwenye mivinje. Mwaka wa ishirini na mbili sasa Mwalimu Mwanamvua alikuwa akiisikia sauti hiyo, na bado ilimtia furaha na huzuni kidogo, maana meno huota, na watoto wakishaota meno huenda Darasa la Tatu.

Alizaliwa hapo hapo Dunda, binti wa muuza vitumbua. Alikuwa mfupi, mpana, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko mwili wake, kana kwamba aliazimwa na mtu mwembamba. Alipoajiriwa akapelekwa Fukayosi, wenzake walimwambia, "Mwenye sauti kama yako hana budi kushika fimbo." Akaishika. Kila Jumatatu aliwatuma watoto wakakate fimbo, na watoto wa wakulima, ambao si wajinga, wakamletea mashina ya mihogo, kwa kuwa shina la mhogo hukatika kabla halijauma. Alivunja matatu miguuni mwa mtoto mmoja. Mtoto akacheka, naye akacheka, akavitupa vipande nyuma ya darasa. Masika yalipoingia, vipande vikaota. Mwaka haujaisha, nyuma ya darasa kuna shamba zima la mihogo, na wanakijiji wakaliita Shamba la Adabu. Mwalimu Mwanamvua aliila mihogo ya fimbo zake mwenyewe, kwa chumvi na pilipili, akawaza sana.

Mawazo yalimrudisha kwa bibi yake, Mwaija, aliyekuwa akiwanyamazisha wajukuu kumi na saba kwa neno moja tu: "Kitendawili!" Wote huitikia "Tega!" kisha kimya, maana aliyeshindwa kukitegua hana budi kutoa mji, na hata mtoto asiye na ndala huona uchungu kutoa mji.

Kutoka hapo akatunga sheria yake, na aliporudi kufundisha Dunda alirudi nayo. Mwanzo wa mwaka kila mtoto alipewa mji, ukaandikwa kwenye karatasi kubwa ya manila ukutani: Miono ya Kulwa, Fukayosi ya Dija, Maskati ya Ghaith kwa kuwa babu yake ana ndugu huko. Apigaye kelele huandikwa ubaoni na kiranja. Kipindi kikikaribia kuisha, husimama mbele akategewa kitendawili na yule aliyemsumbua. Akishindwa, mji wake unakwenda. Asiye na mji huitwa mpangaji, mpaka naye ashinde mji wa mwingine. Kulwa aliwahi kuwa mpangaji kwa wiki mbili, akawa kimya hata mama yake akampeleka zahanati.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka Julai, alipohamia mwalimu mkuu mpya, Mwalimu Abdulwahab, mtu aliyechomekea shati kwa nguvu kiasi kwamba alitembea kama aliyebebwa na mkanda.

"Bi Mwanamvua," alisema siku moja mlangoni, bila hodi, "humu ndani nasikia vicheko."

"Ndiyo, mwalimu. Leo tulikuwa na kesi mbili."

"Kesi?"

"Saadani na Mlandizi."

Mwalimu Abdulwahab aliitazama ile manila ukutani kama mtu anayeangalia kidonda cha mwenzake. "Kanuni za darasa ziko wapi? 'Usipige kelele.' 'Usikimbie.' Na fimbo yako iko wapi?"

"Niliila, mwalimu."

Pengine hakupaswa kusema hivyo. Wiki iliyofuata aliitwa ofisini. Alhamisi, aliambiwa, anakuja mthibiti ubora wa shule kutoka wilayani, yule ambaye wazee bado humwita inspekta. Atakaa ndani ya Darasa la Pili B kipindi kizima, aandike. Alama za utulivu zikiwa mbaya, darasa atapewa Mwalimu Bwanausi, kijana mwenye mabega, na Bi Mwanamvua atakwenda stoo kutunza vitabu.

Stoo ilikuwa chumba kisicho na dirisha nyuma ya vyoo. Panya wake walikuwa wamesoma vitabu vyote vya Hisabati mpaka ukurasa wa arobaini. Mwalimu Mwanamvua alijibu, "Sawa, mwalimu," akaenda nyumbani, akaumega mkate, akaurudisha sahanini. Si stoo iliyomtisha. Ilikuwa ni kimya cha stoo. Mtu aliyeishi miaka ishirini na miwili ndani ya "sa, se, si" ukimtia katika kimya, atasikia nini isipokuwa umri wake?

Alhamisi ikafika. Mthibiti aliitwa Bwana Majaliwa, mtu mzima mwenye mvi za heshima na jalada la kijani kwapani. Mwongozo wa kazi yake ulisema mtazamaji aingie kimya, asisalimiwe, akae nyuma, asahaulike. Akaingia kimya. Akapita katikati ya madawati, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kidevuni.

Aliyeandika mwongozo ule hakulelewa Bagamoyo. Mtoto wa Dunda anaweza kusahau daftari, anaweza kusahau viatu, lakini mtu mzima mwenye mvi aliyeketi bila kupewa shikamoo hamsahau. Ni kama kokoto kwenye wali. Shingo zikageuka. Mwalimu Mwanamvua akaandika ubaoni, akasoma, akarudia, na hakuna aliyemtazama. Kisha ikasikika sauti ndogo kutoka dawati la mwisho:

"Shikamoo."

"Marahaba," alinong'ona Bwana Majaliwa bila kuinua macho.

Basi bomba likapasuka. Walianza wa nyuma, wakafuata wa katikati, wa mbele wakanyanyuka kidogo ili wafikishe. Kila mmoja na yake, kwa kunong'ona, kwa adabu kamili, na hakuna aliyekubali kuwekwa ndani ya shikamoo ya jirani yake.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Geuka mbele."

"Hujaniitikia mimi."

"Marahaba! Geuka."

Zilikwenda dakika kumi na moja. Mwalimu Mwanamvua alisimama na chaki yake, akiona jinsi kalamu ya mgeni ilivyokuwa ikijaribu kuandika katikati ya marahaba, na akilini alikwisha kuinusa harufu ya panya. Lakini marahaba ya tisini na moja ilipotolewa, watoto waligeuka mbele wote pamoja, wametua, kama watu walioshusha mzigo. Akasema kwa sauti yake ile ndogo, "Haya, wenye miji." Darasa likanyamaza hata ukasikia bodaboda inavyopita barabarani.

Somo likaenda vizuri. Kulwa alijisahau akaanza kupiga dawati, na mwalimu akamtazama tu. "Mwenye Miono, watu wako wanakuona?" Kulwa akakunja mikono upesi, akawatazama watu wa Miono kupitia dirishani. Bwana Majaliwa akaandika. Rajabu, mtoto mdogo kuliko wote, asiye na jino hata moja mbele, akasimama kusoma sentensi ndefu aliyoifanyia mazoezi wiki nzima. Akavuta pumzi.

Hapo ndipo jogoo akawika.

Aliwika kutoka mfuko wa suruali wa Bwana Majaliwa, mara tatu, kwa sauti ya kuamsha mtaa. Bwana Majaliwa akajipapasa, akaitoa simu, akabonyeza alipopaona, na sauti ya mwanamke ikajaza darasa:

"Baba Adila! Ngisi ulioniletea jana ni wa lini? Maana mimi nimewaosha, paka amewakataa!"

Akabonyeza tena. "Usinikatie! Hata paka, baba Adila!" Akabonyeza mara ya tatu, simu ikazimika.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililomtisha Mwalimu Mwanamvua kuliko kicheko. Macho yote yalikuwa kwa Dija, kiranja, msichana wa miaka minane aliyezaliwa na uso wa hakimu. Dija akanyanyuka. Akachukua chaki. Hakulijua jina la mgeni, kwa hiyo ubaoni, chini ya maneno "Wapiga Kelele", akaandika kwa mwandiko safi: Mgeni.

Akarudi, akakaa, akakunja mikono.

Kengele ilikuwa imebakiza dakika sita. Mwalimu Mwanamvua akakishika kitambaa cha kufutia ubao. Kukipitisha mara moja tu, mgeni angeshukuru, alama zingepona kidogo, na darasa pengine lingebaki lake. Akaugeukia ubao. Nyuma yake hapakuwa na sauti, ila aliwahisi watoto wote wakiutazama mkono wake. Akilifuta jina lile, alijua, hawatalia wala hawatalalamika. Watajifunza tu, kimya kimya, kwamba ni mdogo tu anayenyang'anywa mji. Na funzo hilo hatawafundisha yeye. Wapo wengi wa kuwafundisha huko mbele.

Akakiweka kitambaa mezani.

"Mgeni wetu," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo kupita siku zote, "kwa heshima kubwa, na uniwie radhi, jina lako liko ubaoni."

Bwana Majaliwa akalitazama jina lake. "Mwalimu, mimi niko kazini."

"Na sisi tuko kazini, baba."

Kisha kiti cha mtoto kikalia, magoti yakanyooka moja baada ya jingine, na mthibiti ubora wa shule akaja mbele na jalada lake, akasimama pale wanaposimama wote.

"Nani aliyesumbuliwa?" aliuliza Dija.

"Mimi," alisema Rajabu. "Ilikuwa zamu yangu ya kusoma." Akafikiri kidogo, akiuchezea ulimi pale palipo wazi. "Kitendawili!"

"Tega!" darasa likaitikia, na Bwana Majaliwa, bila kutaka, midomo ikamponyoka naye akaitikia.

"Kitoto changu kikilia, watu wazima hujipapasa."

Bwana Majaliwa aliupandisha uso darini. "Kiroboto," alisema.

"Sicho!"

"Chawa?"

"Sicho!"

"Basi upele."

"Upele haulii, babu!" alipiga kelele Kulwa, kisha akaziba mdomo kwa kukumbuka Miono.

Simu ilikuwa bado mkononi mwa Bwana Majaliwa, ina jasho. Akakuna mvi zake kwa simu hiyo hiyo, akasema, "Nimeshindwa."

"Toa mji!" Madirisha yakatikisika.

"Haya. Chukua Miono."

"Miono yangu," alisema Kulwa.

"Fukayosi."

Dija, mwenye Fukayosi, alimtazama tu.

"Maskati basi."

"Babu yangu atakasirika," alisema Ghaith kwa upole.

"Makka!"

Watoto wakavuta pumzi. "Makka haitolewi," Rajabu alimwonya kwa kunong'ona. "Utapata dhambi."

Bwana Majaliwa akaipitia manila yote, juu mpaka chini. Hapakuwa na kijiji cha Pwani kisicho na mwenyewe. Aligundua, na ilionekana usoni mwake, kwamba katika chumba hiki yeye alikuwa mpangaji.

"Una nini?" Rajabu aliuliza, kwa huruma ya kweli.

"Nina ofisi," alisema Bwana Majaliwa. "Wilayani."

"Ina kiti kinachozunguka?"

"Kinazunguka."

"Nipe."

"Chukua."

Rajabu akakaa sawa, kama ilivyo desturi ya aliyepewa mji, akasafiri. "Nikaenda, nikaenda mpaka ofisini kwa mgeni. Nikakikuta kiti, nikazunguka, nikazunguka. Nikaletewa chai na chapati, nikala. Watu wakaja, nikawaambia rudini kesho. Jibu lake ni simu!"

Hapo darasa likapasuka. Bwana Majaliwa aliitazama simu, akalitazama darasa, akacheka mpaka akashika meza. Kicheko kilivuka uwanja, kikamkuta Mwalimu Abdulwahab aliyekuwa amejibanza nyuma ya ukuta akisikiliza. Akatabasamu, akaenda ofisini kutafuta ufunguo wa stoo.

Mgeni aliandika mwenyewe kwenye manila: Ofisi ya Wilaya, ya Rajabu. Kisha akafungua jalada lake, akauliza bila mzaha:

"Mwenye ofisi, kuna jambo liko mezani kwako, limeletwa na mwalimu mkuu. Mwalimu wako abaki hapa, au aende stoo?"

Mwalimu Mwanamvua akashika ukingo wa meza. Rajabu alilifikiri jambo hilo kwa uzito wa cheo chake.

"Stoo kuna panya," alisema.

"Nimesikia. Kwa hiyo?"

"Mwalimu abaki. Stoo apelekwe paka."

Kengele ikalia.

Alasiri Mwalimu Abdulwahab aliisoma fomu mara mbili, ufunguo wa stoo mkononi. *Wanafunzi waliovuruga utulivu: hakuna. Wasio wanafunzi: mmoja. Hatua aliyochukuliwa: alitoa mji. Udhibiti wa darasa: mzuri sana, hauogopi mtu. Mapendekezo: mwalimu abaki na darasa lake, shule itafute paka wa stoo.* Chini palikuwa na sahihi na muhuri.

Jioni hiyo Mwalimu Mwanamvua aliingiwa na njaa ya siku tatu, akala vitumbua saba.

Jumatatu, katikati ya "sa, se, si", mlango uligongwa.

"Hodi," ilisema sauti ya mwalimu mkuu.

Darasa zima likageuka. Hajawahi kuisema. Alisimama nje, amechomekea, na boksi la sabuni mikononi linalotikisika na kulia nyau.

"Karibu, mwalimu," alisema Mwanamvua.

"Sikai. Nimekuja tu kumwona..." Akakohoa. "Nimekuja kumwona mwenye ofisi. Nataka kujua kama paka huyu anafaa."

Rajabu akanyanyuka, akachungulia ndani ya boksi kwa muda mrefu.

"Anakula ngisi?" aliuliza.