Jembe Lililotiwa Moto Siku ya Sabato

Nakumbuka siku moja, mwanangu, pale Nyamache, nilipotafsiri aibu yangu mwenyewe mbele ya baraza zima, neno kwa neno, bila kuruhusiwa kuruka hata moja. Ninaikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na tafadhali mama yako asisikie hayo.

Nakusimulia kwa sababu ya lile tangazo ulilonisomea juzi kwenye simu. Serikali inawauliza watu maoni yao kuhusu chuma cha nje kinachomiminika nchini, kama kiongezewe ushuru au la. Nikakuuliza wewe fundi wa mageti utaandika nini. Ukacheka, ukasema, "Baba, nitaandika kwamba cha nje chote ni takataka na chetu ndicho chuma." Wee! Nikachukua fimbo yangu nikaondoka. Leo nimepata pumzi, kwa hiyo weka simu chini unisikilize.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu, nimemaliza darasa la saba, Kiswahili nakijua, na kichwa kimenijaa upepo. Nilikuwa nafanya kazi ya uhunzi na mjomba wangu, Mzee Ombati. Kibanda chake kilikuwa kwenye mteremko juu ya mto, na humo tulifua majembe, mapanga na visu kwa chuma cha springi za malori yaliyozeeka. Yule mzee, mwanangu, sijui nikuelezeje. Alikuwa akikitazama chuma motoni, na kwa rangi tu akajua kama wakati wa kukitoa ni sasa au bado kidogo. Mimi niliyesoma nilikuwa nikikisia. Yeye hakukosea. Mpaka leo nikifikiria yale macho yake mekundu kwa moshi, nywele zinanisimama.

Sasa, miaka ile majembe ya nje yakaanza kuingia. Kwanza yalikuja machache, ya rangi ya buluu, mepesi, yanang'aa. Halafu ghafla yakajaa kila duka kuanzia Ogembo hadi Kebirigo, kwa bei ambayo sisi hatukuweza kuifikia hata tungefua usiku na mchana. Kwenye ule mlima wetu palikuwa na vibanda sita vya wahunzi. Vikafungwa kimoja baada ya kingine, vikabaki viwili. Wenzetu walikwenda Kericho kuchuma chai ya watu. Mjomba akaniambia, "Msimu huu wa kupanda wimbi ukipita hivi, nami nafungua ngozi za mivukuto nizikunje." Alilisema bila kuinua sauti, nami nikaenda nyuma ya kibanda nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Ndipo chifu akatangaza baraza. Ofisa wa biashara anakuja kutoka Nairobi. Serikali inafikiria kuyatoza majembe, misumari na mabati ya nje ushuru zaidi kwa muda, lakini kabla ya kuamua inataka kusikia kwa masikio yake: wahunzi wanasemaje, wenye maduka wanasemaje, na akina mama wanaolima wanasemaje. Wahunzi wakanichagua mimi niwe msemaji wao, na niwe mkalimani wa wazee wasiokijua Kiswahili vizuri. Nilivimba, mwanangu! Nilitembea sokoni kama mtu aliyeoa wake wawili siku moja.

Lakini moyoni nilikuwa na hofu. Kwani jembe la nje, ukweli usemwe, halikuwa baya vile. Lilikuwa jembamba, lililika haraka kwenye mawe, lakini halikuvunjika ovyo. Nikajiuliza, ofisa huyu atashawishika na nini? Maneno matupu? Hapana, nikasema, nitamwonyesha kitu. Kijana akipata wazo la kijinga hulikumbatia kama mtoto mchanga.

Unajua mjomba alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, moto wa kibanda ulizimwa, nyundo ikawekwa, na hakuna aliyegusa makaa mpaka Sabato imekwisha. Hata jirani akija na jembe limepasuka na mvua imeshaanza, aliambiwa arudi Jumapili. Basi Sabato ile kabla ya baraza, watu wote walipokwenda kanisani, mimi nikajifanya naumwa tumbo. Nikachukua jembe jipya la nje, nikawasha moto wa mjomba mchana kweupe, nikalitia motoni sehemu ya shingo, linapoingia mpini, mpaka likawa jekundu la kuiva, kisha nikalitumbukiza kwenye maji baridi. Chuma ukikizima hivyo ghafla, bila kukirudisha kwenye moto wa polepole kilegee, kinakuwa kikavu kama kigae. Kinavutia kwa ugumu wake, lakini kikipigwa kinakatika. Nikalipaka matope yafiche alama za moto. Nikayafukia makaa kwenye jivu, nikaenda kulala na tumbo langu la uongo.

Jumapili alfajiri mjomba aliingia kibandani. Kabla ya kuwasha alikuwa na desturi ya kutia mkono kwenye jivu kuondoa makaa yaliyobaki. Akautia. Akauacha mle muda mrefu.

"Jivu lina joto," akasema.

"Labda ni jua la jana, mjomba," nikajibu.

Jua! Nyamache, mwezi ambao mvua hupiga kila alasiri! Hakunigombeza. Alinitazama tu, akangoja. Sasa najua alikuwa ananifungulia mlango nitoke mwenyewe. Mimi nikashika mvukuto nikaanza kupuliza.

Siku ya baraza uwanja wa chifu ulijaa. Ofisa alikuwa mtu mwembamba wa miwani, ameketi mezani na daftari, mpole, anaandika kila kitu. Nilisimama nikahutubia. Nilisema majembe ya nje yote ni ya kuvunjika, kwamba yanawaumiza mama zetu shambani, kwamba ni aibu kwa taifa huru. Watu wakapiga makofi. Nikatoa lile jembe lenye matope, nikamwita jamaa mmoja mwenye mabega mapana, nikamwambia apige kando ya uwanja penye kokoto. Akapiga mara moja. Kata! Ubao wa jembe ukabaki ardhini, mpini ukabaki mkononi. Uwanja ukalipuka kwa kelele. Wenye maduka wakainamisha vichwa. Ofisa akaandika kwa kasi, nami nikajiona tayari nimekwisha kuwa mbunge.

Mjomba akasimama. Alisimama polepole, magoti yakilia, akaenda akaviokota vile vipande viwili. Akafuta matope kwa kidole gumba, akaona magamba meusi ya moto. Akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa tupa yake ndogo, akaipitisha pale palipokatika. Tupa ikateleza, ikapiga kelele ya kukwaruza, wala haikung'ata hata chembe. Akaipitisha chini zaidi, kwenye ubao, ikang'ata vizuri. Shingo ilikuwa ngumu kuliko ubao wake, na hilo hufanywa na moto na maji tu. Mwanangu, mzee asiyejua kusoma alikuwa anasoma, na mimi ndimi niliyekuwa nimeandikwa pale.

Akanigeukia, akasema kwa Kikisii, "Mtafsirie bwana huyu. Kila neno, usiruke."

Nikasogea karibu na meza.

"Mwambie: jembe hili halikuvunjika kwa sababu ni la nje. Limevunjika kwa sababu lilitiwa moto na kuzimwa vibaya."

Nikatafsiri. Ofisa akainua kichwa.

"Mwambie: lilitiwa moto kwenye kibanda changu, siku ya Sabato. Aliyelitia ni mpwa wangu, huyu anayekutafsiria."

Nikasema kwa Kiswahili, "Mzee anasema kulikuwa na, eh, makosa kidogo kibandani."

"Umeruka," akasema mjomba. Kumbe Kiswahili alikuwa anakisikia vizuri kuliko tulivyodhani! Mama mmoja akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Basi nikalisema lote. Nilisema, "Aliyelitia ni mimi." Sauti ilinitoka nyembamba kama ya kifaranga. Nilitamani ardhi inimeze nisahaulike na kijiji changu chote.

"Mwambie: kibanda ni changu, kwa hiyo kosa ni langu, na ninaomba radhi kwake na kwa wenye maduka."

Ofisa akafunika kalamu yake. Wahunzi wenzetu waliokuwa wamekaa nyuma walianza kunung'unika, mmoja akasema waziwazi, "Ombati ametuua." Mimi pia niliamini hivyo. Niliona mivukuto imekunjwa, niliona lori la Kericho. Na yote kwa mkono wangu.

Mjomba akaendelea kana kwamba hakusikia. Alisema jembe la nje ni jepesi, na mama mwenye watoto wachanga analiweza. Alisema yeye mwenyewe mwaka uliotangulia alifua majembe matatu kwa haraka ya msimu yakapasuka, akataja majina ya akina mama watatu aliowauzia, na wawili walikuwa palepale uwanjani. Halafu akasema na ya upande wa pili: jembe lake likifuliwa vizuri, mama hulima nalo mpaka binti yake analirithi. La nje baada ya misimu miwili limekuwa kijiko. Chuma cha springi kimepanda bei. Vijana wanakimbia kazi.

Mjane mmoja, Mama Moraa, akasimama bila kuitwa. "Anasema kweli," akasema. "Mimi nina la nje kwa sababu ndilo ninaloliweza. Mkilipandishia sana, nitalima na nini, na kucha?"

Mjomba akatikisa kichwa kumkubalia. Kisha akasema lile ambalo sijapata kusikia tena mtu akilisema mbele ya serikali. "Mwambie hatuombi mlango ufungwe. Mama huyu atabaki nje. Tunaomba ushikwe kidogo, kwa muda unaojulikana, mpaka tupate chuma kizuri na kujifunza kufua jembe jepesi. Muda ukiisha na sisi bado tumelala, afungue wazi, atuache."

Nilitafsiri kila neno, wala si kwa aibu tena. Nilikuwa naogopa kama mtu aliye kanisani. Mzee yule alikuwa amesimama na kiwanda chake mkononi, akikiweka mezani mbele ya watu, na hakuna alichoficha. Nilimwona mkubwa, mwanangu. Nilimwona mkubwa hata nikaogopa kumkaribia.

Ofisa akavua miwani, akaifuta. "Nimezunguka mabaraza mengi," akasema. "Kila mahali naambiwa cha nje kibaya au cha nje kizuri. Sijui nimwamini nani. Mzee, wewe umeniambia makosa yako, kwa hiyo na haya mengine nayaamini." Akafungua kalamu, akageuza ukurasa mpya, akamwuliza mjomba maswali mpaka mvua ikatufukuza.

Tulirudi nyumbani tumelowa. Tukafika mtoni, mjomba mbele. Pale akasimama, akaniambia, "Leo umenifanya nichague kati ya kibanda na jina langu. Usinifanye nichague tena." Nikaanguka magoti kwenye matope. Akaniinua kwa mkono mmoja, mkono wa nyundo ule. "Kesho njoo mapema," akasema. "Kuna jembe jepesi la kujaribu."

Wimbi lilikuwa halijavunwa barua ilipofika kwa chifu. Majembe ya nje yaliongezewa ushuru wa kiasi, kwa muda uliowekwa, na wahunzi wangeuziwa chuma kwa bei nafuu. Chifu alitusomea, na ndani yake mlikuwa na maneno yaleyale, mlango ushikwe usifungwe. Maneno ya mzee asiyejua kuandika jina lake yalikuwa yamefika Nairobi, yakapigwa chapa, yakarudi. Mjomba aliishika barua ile kichwa chini, akaitazama, akauliza, "Ni muda gani wametupa?" Akaambiwa. Akasema, "Basi tumeshachelewa," akaenda kuwasha moto.

Sasa nasaha yangu ni hii. Serikali ikikuuliza, umepewa heshima, usiigeuze kuwa uchuuzi. Andika kwamba nondo za nje zimekufunga mikono, kama ni kweli. Lakini andika pia kwamba geti lile la shule lilianguka bawaba kwa sababu ulichomelea kwa haraka. Ninalijua, usinitazame hivyo. Andika kwamba mjane anayejenga chumba kimoja anahitaji bati analoliweza. Ukiomba kukingwa, taja ni kwa muda gani na utafanya nini katika muda huo, kwa maana anayeomba kukingwa milele anaomba kubebwa. Mficha maradhi kifo humwumbua, na mwongo akisema kweli hana wa kumwamini. Ushuru unaweza kuletwa na kuondolewa, mwanangu. Jina ukiliharibu, hakuna ofisi utakayoliombea ulinzi.

Na Mungu aliyempa mjomba wangu macho ya kuujua moto akupe wewe moyo wa kuijua kweli. Mkono wako usikose kazi, kazi yako isikose mnunuzi, na siku utakaposimama mbele ya watu, usipate neno unalotaka kuliruka. Haya, lete hiyo simu. Andika, mimi nasikiliza.