Bwana Harusi, Farasi wa Ilham

Msabaha alikuwa mfanyabiashara wa jumla, na mtu wa jumla hapekui mzigo mbele ya muuzaji. Mwaka 2005, studio moja ya picha za harusi karibu na barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji wa Kichina alikoishi na familia yake, ilipofunga, alinunua kila kilichokuwamo: matao, maua ya plastiki, viti vya kifalme, vyote vya kupeleka kwenye kumbi za harusi za Dar es Salaam. Alipokwenda kupakia, nyuma ya pazia alimkuta farasi mweupe, mfupi, anatafuna waridi la plastiki.

"Laoban, na huyu?" akamuuliza mwenye studio.

"Si umenunua vyote?" akajibu yule bosi, akapanda teksi yake.

Ilham, bintiye wa miaka tisa, alikuwa keshamkumbatia farasi shingoni na kumpa jina: Bwana Harusi.

"Mwanangu, farasi hapakiwi kwenye kontena."

"Basi usimpakie, baba."

Bwana Liang, mwenye banda la farasi nje ya mji, alikubali kumhifadhi kwa sharti moja, ambalo Ilham, mwanafunzi wa shule ya Kichina, alimtafsiria babake. Farasi wa pale wote walikuwa wa maonyesho. Siku ya maonyesho Bwana Harusi aruke viunzi vyote na kuvuka mstari kabla ya kengele. Akishindwa, atauzwa kwa mkulima wa mikoa ya mbali.

Ilham alimfundisha kila Jumamosi. Farasi alitii, akaruka, hata Bwana Liang akatikisa kichwa kwa kuridhika. Jambo moja hakuna aliyelijua, kwa kuwa bandani hapakuwa na kamera: miaka ya kazi za harusi ilikuwa imemfunza Bwana Harusi kusimama kila aionapo kamera, kupinda shingo, kuinua mguu mmoja wa mbele, na kutulia hivyo mpaka asikie mlio wa picha.

Siku ilipofika, Msabaha alikuja na mkewe Kazija na nusu ya majirani wa mtaa wao wa Dengfeng. Wauza simu walikuja na sampuli mpya, zote za kamera. Ilham alipoingia uwanjani juu ya farasi, simu zikapanda juu. Bwana Harusi akasimama, akapinda shingo. Kach! Akageukia upande wa pili, akainua mguu. Kach!

"Mchape visigino, mwanangu!" alipaza sauti Msabaha, naye akipiga picha.

Bwana Liang alitazama saa yake. Ilham alimwona, akawageukia watazamaji.

"Shusheni simu! Nyote! Na wewe, baba!"

Wakashusha. Ikawa balaa zaidi: Bwana Harusi, kuona wapiga picha wamemsusa, alilaza masikio nyuma na kugoma kabisa. Ilham akatazama ng'ambo ya viunzi, kisha akamtafuta mamake.

"Mama! Kimbilia kule mwisho, unyanyue simu yako!"

Kazija alikusanya buibui mkononi akatimka, mwanamke ambaye hata basi hakuwahi kulikimbilia. Alifika nyuma ya mstari akihema, akanyanyua simu. Bwana Harusi akaiona. Aliruka viunzi vyote mfululizo kama bwana harusi kweli aliyesikia shehe anataka kuondoka, akafika mstarini, akasimama na kupinda shingo. Miguu ya mbele ilikuwa imevuka. Ya nyuma, bado.

"Piga, mama!"

"Betri imekwisha!"

"Mama jamani!"

"Sasa nifanyeje, niitie chaji kwa dua?"

Mkono wa Bwana Liang ulikuwa ukiielekea kengele. Kazija akamsogezea farasi uso, akatoa sauti kwa ulimi: "Kach!"

Bwana Harusi alishusha mguu na kutembea taratibu, miguu yote minne, hadi ng'ambo. Ndipo kengele ikalia.

"Wa mwisho," alisema Bwana Liang.

"Lakini kamaliza?" aliuliza Ilham.

Bwana Liang alimtazama Kazija, aliyekuwa amekaa chini akipepewa kwa kofia. "Kamaliza."

Farasi akabaki. Kufikia mwaka 2009 alikuwa amepoteza meno ya mbele, na Ilham hakumpanda tena. Jumamosi alimkunia karoti bakulini, akamlisha kiganjani huku akimsimulia mitihani yake. Msabaha, aliyezibeba karoti hizo kutoka sokoni, alilalamika kwamba nyumbani binti huyo hamtilii hata chai.

"Baba," Ilham alimjibu bila kugeuka, "wewe una meno."