Mchakamchaka wa Kinyumenyume

Mardhiya alipohamishiwa shule ya sekondari ya kata, ndani kidogo ya Kiwangwa, katikati ya mashamba ya mananasi, alinuna kweli kweli. Alikuwa binti wa mji wa kale wa Bagamoyo. Baba yake aliuza vitambaa, na yeye alikulia kwenye vichochoro vyenye watu, ambako hupiti baraza tatu hujaitwa jina. Sasa baba amemwambia akakae na shangazi yake Biubwa, aliyefiwa na mume na kubaki peke yake na shamba kubwa na nyumba tupu. Shangazi alimpenda sana. Asichokipenda ni shule yenyewe, ambako kidato cha tatu kizima kilienea katika chumba kimoja na madawati ya nyuma yakabaki kulaliwa na kuku.

Aliyemharibia kununa kwake ni Dija, mtoto wa Kikwere wa hapo hapo kijijini, waliyekaa naye dawati moja. Dija alikuwa hodari wa kuigiza. Mwalimu akipiga chafya, yeye huku chini huipiga ile ile, kwa uso tu, bila sauti. Na Mardhiya alikuwa na ugonjwa wa kucheka. Akianza, mabega hutikisika, machozi humtoka, mwisho hulala juu ya daftari akiomba aachwe. Haukupita muda wakatolewa nje pamoja kwenye kipindi cha Jiografia, na huko nje, wamesimama juani wakiogopa kutazamana, ndipo wakawa mashoga.

Tangu hapo akaanza kuiona shule kwa macho mengine. Siku za Ijumaa jioni kulikuwa na mdahalo bandani, na watu walitetea hoja wasizoziamini kwa uchungu kama wamefiwa. Wasichana walicheza netiboli peku kwenye mchanga. Mtu akipata ubuyu, ulizunguka darasa zima mpaka midomo yote ikawa myekundu, na mwalimu wa zamu akashindwa kujua amkamate nani. Lakini kilichomteka Mardhiya kuliko vyote ni mchakamchaka wa asubuhi. Shule nzima ilikimbia taratibu kuzunguka majengo kabla ya kwenda mstarini, kaka mkuu Ridhiwani akiwa mbele anaimba, wengine wakimwitikia. Mardhiya aliitikia kwa nguvu hata ushungi ukamwendea upande. Nyumbani kwao wanawake walikuwa hawaendi harusini bila kuimba kwa kupokezana, na yeye alizijua nyimbo hizo tangu amebebwa mgongoni.

Ukafika wakati wa bonanza. Walialikwa wanafunzi wa shule kubwa ya upande wa Ubena, kule barabara kuu, na ilipangwa kwamba Jumamosi asubuhi wenyeji na wageni watoke pamoja shuleni kwa mchakamchaka hadi uwanja wa mpira, mwisho wa kijiji. Huko angewasubiri mkuu wa shule, Mwalimu Masoud, pamoja na afisa elimu wa kata aliyekuwa mgeni rasmi. Ridhiwani alifanya mazoezi ya nyimbo Ijumaa nzima, hakupumzika. Jumamosi, wageni wameshashuka kwenye Kosta na viatu vyao vyeupe vinavyong'aa, akafungua kinywa aanze, ikatoka sauti ya mlango usiotiwa mafuta.

Watu wakatazamana. Ridhiwani akajaribu tena, ikatoka hewa tupu. Hapo Dija akamsukuma Mardhiya mgongoni, naye Mardhiya akajikuta yuko mbele ya shule mbili, mikono haijui pa kuiweka. Akataka kurudi, kicheko kikaanza kumpanda, akaona bora kiimbwe kuliko kichekwe. Akaanza na wimbo alioutunga papo hapo, kwamba wageni wamekuja na viatu vyeupe, je, watarudi navyo vya rangi gani? Wenyeji wakaitikia kwa kelele. Wageni nao, badala ya kukasirika, wakaitikia kuwazidi.

Msafara ukaondoka. Mardhiya alikimbia kinyumenyume ili awaone wenzake, na walikubaliana kwamba Dija, aliyekuwa mstari wa kwanza, atamwonyesha kwa mkono wakifika kwenye mashine ya kusaga, maana pale ndipo pa kukata kushoto kwenda uwanjani. Mashine ikafika. Lakini Mardhiya wakati huo alikuwa akiimba habari za mpishi wa shule na maharage yake yasiyoiva, na Dija alikuwa ameinama anajishika mbavu. Mkono haukuinuka. Mashine ikapita, na Mardhiya akawavuta wote moja kwa moja mpaka katikati ya mashamba.

Alipogeuka kutazama, aliona minanasi kushoto, minanasi kulia, na kinjia cha kupita watu wawili wawili. Kurudi hakukuwezekana, kwa kuwa nyuma yake palikuwa na shule mbili, na kando palikuwa na miiba. Mtu mwingine angesimama na kuomba radhi. Yeye akatunga ubeti kwamba wageni lazima waonyeshwe kijiji chote, wasije wakasema wamenyimwa, akazidisha mwendo.

Wakazunguka zahanati, wagonjwa wakatoka kibarazani kupiga makofi. Wakafika kwenye msikiti, na ndani wazee walikuwa kwenye darsa. Mardhiya akaweka kidole mdomoni. Shule mbili zikanyamaza, zikaanza kunyata kwa ncha za vidole, viganja midomoni, mashavu yamevimba. Imamu alipochungulia dirishani aliona watoto wasiohesabika wakipita kimya kama wezi wenye adabu. Walimwamkia kwa kuinamisha vichwa tu, naye akaitika kwa kichwa, uso umejaa mshangao. Walipoupita ukuta wa mwisho, kicheko kilipasuka kwa wote mara moja, na kuna mgeni mmoja aliyeketi chini kabisa mpaka akanyanyuliwa.

Kwenye shamba la mwisho alikuwepo shangazi Biubwa, jembe mkononi. Alimwona mwana wa kaka yake anakuja kinyumenyume, nyuma yake umati.

"Mardhiya, mnakwenda wapi?"

"Shikamoo shangazi. Tunakwenda uwanjani."

"Marahaba. Uwanja si uko huko mlikotoka?"

"Najua, shangazi. Tunauzunguka."

Shangazi akalaza jembe, akaifunga kanga kiunoni, akajiunga na mstari. Ni wakati huo alipocheka, na Mardhiya alitambua kwamba tangu ahamie kwake hajapata kuisikia sauti ya kicheko cha shangazi. Ilikuwa nzito kama ya baba yake. Akakosa ubeti mzima, wenzake wakaendelea bila yeye.

Uwanjani, Mwalimu Masoud alikuwa amesimama na mgeni rasmi mbele ya viti vitupu, anatazama njia ya mashine ya kusaga. Nyimbo zikamfikia kutoka nyuma yake, upande wa magoli ambako hakuna njia. Wakatokea wanafunzi, wageni wenye viatu vyekundu kwa vumbi, akina mama wenye kanga waliojiunga njiani, na watoto waliobeba mananasi waliyogawiwa na shangazi. Akauliza nani amewaongoza huko. Ridhiwani, kwa wema wake, akajitokeza aseme ni yeye, ikatoka ile sauti ya mlango. Mwalimu Masoud aligeuka haraka kulitazama goli, na mabega yake yakaonekana yakitikisika.

"Ni mimi, Mwalimu," alisema Mardhiya.

"Na kukimbia kinyumenyume umefundishwa na nani?"

"Nilitaka kuwaona wenzangu, Mwalimu."

Mwalimu akamwambia kwamba Jumatatu ataongoza tena, ila akiwa ametazama anakokwenda.

Netiboli wenyeji walifungwa vibaya, na kwenye kuvuta kamba wageni waliwaburuta mpaka nje ya uwanja. Hakuna aliyejali. Wote walikuwa wamechoka kwa kucheka, na mikono ilinata maji ya mananasi. Ridhiwani alipopata sauti hakuudai tena uongozi wa nyimbo. Alisema kuitikia kuna raha yake, nayo alikuwa ameikosa miaka yote.

Mwaka huu Mardhiya yuko kidato cha nne. Likizo iliyopita baba alimwuliza kama anataka kurudishwa shule ya mjini, akajibu kwamba bonanza liko mwezi ujao na safari hii shangazi Biubwa amejiandikisha kwenye mbio za magunia.