Shikamoo Iliyokatwa kwenye Slaidi

Jumanne nilikuwa steshenari moja hapa Lushoto mjini, nasubiri kutoa kopi. Mbele yangu alikuwa mama mmoja, mkulima wa viazi kutoka Shume. Alikuja kusikiliza slaidi za ugonjwa wa viazi zilizotiwa sauti yake, ili wakulima wa Mlalo wazifungue kwenye simu zao. Bwana wa kompyuta akabonyeza. Kiazi kilichooza kikatokea, na sauti ya mama ikaanza papo hapo na habari za ukungu.

Mama akainua kiganja. “Mwanangu, shikamoo yangu iko wapi?”

“Nimeikata, mama. Inapoteza muda.”

“Sasa wazee wa Mlalo watanisikiliza vipi, na sijawaamkia?”

“Kwani unawaona? Hii ni ya mtandaoni.”

Damu ilinichemka. Kabla sijafungua mdomo, simu ya yule bwana ikaita. Akaruka kitini, akauinamia ukuta mtupu. “Shikamoo bosi! Shikamoo!”

Kumbe hata asiyeonekana huamkiwa, mradi awe bosi! Mkulima, yeye anasukumiwa kiazi kilichooza usoni bila hata hodi. Bwana wee, rudisha shikamoo ya watu.